Supu ya Aliyeshindwa

Katika kambi za ngumi za Tanga, asubuhi ya baada ya pambano, aliyeshindwa humpakulia supu aliyeshinda. Uso uwe umevimba vipi, mbavu ziwe zinauma vipi, lazima aje. Yeye ndiye huipua sufuria, ndiye humimina, ndiye hukamua ndimu na kuuliza pilipili iwe kiasi gani. Mshindi hukaa kwenye benchi kama bibi harusi, mikono mapajani, hagusi kitu mpaka alishwe kijiko cha kwanza. Baada ya hapo wote wawili hula bakuli moja, na ya ulingoni yanakuwa yamekwisha. Asiyekuja kupakua hapati tena mtu wa kufanya naye mazoezi, kuanzia Pongwe mpaka Pangani.

Shija Bulugu alikuja. Jana yake alikuwa amepigwa na mwanamke mbele ya ukumbi mzima, akaangushwa raundi ya sita, na Mwanza nzima ilikuwa inamcheka kwenye simu. Hata hivyo alikuja, amevaa shati safi, jicho moja limefumba. Mwantumu Shekue, yule aliyempiga, alimpenda kwa hilo. Wapo waliomtangulia ambao walimpakulia supu wamenuna kama wanabeba maji ya kuoshea maiti, wengine wakitazama ukutani wakati kijiko kinaingia kinywani mwake. Huyu aliingia anatania. Alimuuliza Kocha Hiza kama Tanga kuna utumbo wa kweli au wanachemsha mipira ya baiskeli, na Kocha, mzee wa kifua kipana na miguu myembamba, akamwambia apunguze maneno aipue sufuria, watu wana njaa.

Shija akainama jikoni, akaishika sufuria kwa mikono mitupu.

Mwantumu alidhani ni utani mwingine. Sufuria ilikuwa juu ya mkaa tangu alfajiri na supu ilikuwa inatokota. Kitambaa cha kuipulia kilikuwa pale pale kwenye kigoda. Shija aliinyanyua taratibu, akageuka nayo, huku anaendelea kusimulia habari za abiria mmoja aliyelala njia nzima begani kwake kutoka Mwanza. Harufu ndiyo iliyowafikia kwanza. Haikuwa harufu ya utumbo. Mwantumu aliijua kwa sababu mdogo wake aliwahi kuunguzwa na pasi utotoni, na mtu akishainusa harufu ile hasahau.

"Weka chini," Kocha akasema. "Shija. Weka chini sufuria."

Shija akaiweka, akashangaa nyuso zao. Kisha akageuza viganja vyake. Ngozi ya kiganja cha kulia ilikuwa imebaki kwenye sufuria, imejikunja kama ganda la kitunguu.

"Mbona siumii?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa ngapi.

Mwantumu alitoka nje akatapika kwenye mfereji. Alitapika mpaka hakuna kitu, na kila alipodhani amemaliza harufu ile ilimfuata. Alipokuwa ameinama, ameshika mbavu zake zilizokuwa zinamchoma kila akivuta pumzi, alikumbuka raundi ya nne. Shija alikuwa amemtia konde la kulia ubavuni, konde safi ambalo aliliona likija na hakuwahi kulikwepa. Alijikaza kulipokea. Likafika limekufa. Lilimgusa kama mkono wa mtu anayekusukuma kwenye foleni, basi. Alifikiri jamaa amechoka. Aliingia akamaliza kazi, na watu wakapiga kelele "Chuma! Chuma!", jina walilompa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikunja uso kwa kupigwa. Sasa, mdomo umejaa uchungu wa nyongo, jina lile lilimtia kichefuchefu zaidi ya harufu.

*

Walimpeleka Shija zahanati ya jirani. Mganga alimwosha, akamfunga, akamchoma sindano kwenye kidole kimoja kimoja akimuuliza kama anahisi. Shija alisema anahisi kwa mbali, kama vile kidole ni cha mtu mwingine. Mganga akauliza kama amewekewa uzi. Swali la bure, kwa kuwa hakuna bondia wa kulipwa asiye na uzi. Ni unywele wa madini laini unaolazwa kando ya uti wa mgongo, kuanzia kisogoni, na ndio uliofanya ngumi zirudi baada ya serikali kuzipiga marufuku. Uzi husoma ubongo unavyotikisika, na daktari wa pambano huona kwenye kioo chake kama bondia ameshapokea cha kutosha. Kabla ya uzi watu walikufa ulingoni. Baada ya uzi ikaanzishwa Ligi Moja, isiyouliza mwanamume wala mwanamke. Inauliza kilo.

Hayo kila mtu anayajua. Ambacho Mwantumu hakukijua mpaka asubuhi ile ni kwamba uzi hausomi tu.

Alikijua pale fundi wa Ligi alipofika. Aliitwa Mwaipopo, mtu wa makamo mwenye mkoba wa ngozi, na alifika anahema, shati limegandamana mgongoni. Hakuuliza imetokea nini. Hakutazama mkono. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya Shija, akatoa kile kidude chake cha ukubwa wa kipande cha sabuni ambacho huwagusia mabondia wote kisogoni kabla na baada ya pambano, akakibonyeza.

Shija alipiga ukelele ambao Mwantumu hakuwa ameusikia kwa mtu mzima. Alianguka kutoka kwenye kiti, akajikunja sakafuni ameukumbatia mkono, miguu inapiga ukuta. Mganga alikimbilia dawa ya maumivu. Mwaipopo alikuwa tayari anafunga mkoba wake.

"Jana nilisahau kumfungua," alisema, kama mtu aliyesahau kuzima taa. "Nilijua nitamkuta kesho kwenye ukaguzi. Sasa nani alijua kwamba nyinyi huku mnashikishana masufuria?"

Kocha Hiza alimshika ukosi, na ilibidi Mwantumu awaachanishe. Aliwaachanisha kwa sababu alitaka jibu, na aliyekabwa hajibu. Akamuuliza Mwaipopo kumfungua maana yake nini. Fundi alitazama mlango, akatazama mikono ya Kocha, akaeleza. Uzi una njia mbili. Moja ya kwenda, inayopeleka amri kutoka kichwani hadi kwenye misuli. Moja ya kurudi, inayoleta habari, joto, baridi, maumivu. Kila njia ina lango lake, na kila lango linaweza kubanwa peke yake au pamoja na jingine. Ukiyabana yote mawili kidogo tu, mtu anatembea vizuri, anaongea vizuri, anapigana vizuri. Anachelewa tu. Kiasi cha kupepesa jicho mara moja.

"Kwa amri ya nani?" Mwantumu akauliza.

"Dada, mimi ni fundi," akasema Mwaipopo. "Muulize Mama."

*

Mama Asteria Mkindi, mkuu wa Ligi Moja, alimpokea Mwantumu kwenye baraza ya nyumba yake ya Raskazone, akamkaribisha kiti, akaendelea kumenya chungwa. Mikono yake ilitetemeka, kwa sababu yeye mwenyewe alipigana enzi ambazo wanawake walipigana na wanawake, kwenye kumbi tupu, kabla ya pambano la wanaume ambalo ndilo watu walilolipia. Pua yake ilivunjwa mara nyingi mpaka ikakata tamaa ya kunyooka. Ndiye aliyesimama mbele ya wabunge kudai mizani iwe ndiyo mwamuzi pekee. Mabinti wa kambi ya Ngamiani waliichora sura yake ukutani, pua na yote, na Mwantumu mwenyewe ndiye aliyewanunulia rangi.

"Wangapi?" Mwantumu akauliza.

"Kula chungwa kwanza, mwanangu."

"Wangapi, Mama?"

Asteria akaweka kisu chini. Alisema mapambano mawili ya kwanza yalikuwa safi kabisa. La kwanza Mwantumu alishinda. La pili alipoteza kwa pointi, na hata hilo majaji walimwonea. Asteria alikuwa safu ya mbele, na alilia kwa furaha hadharani bila haya. Kisha akarudi nyumbani akaanza kuogopa, na tangu siku hiyo hakuna lililokuwa safi.

Mwantumu alilipokea hilo polepole. Alianza kuwahesabu wanaume kichwani, akaacha. Kila mmoja alikuwa na uso, na kila uso ulikuwa umeinama juu ya bakuli ukimlisha kijiko cha kwanza. Alikuwa kama mtu aliyegundua kuwa chakula alichosifiwa kwa kukila kilikuwa kimeshatafunwa na mtu mwingine. Alitaka kutema, na hapakuwa na cha kutema.

"Unamkumbuka Ndeshi?" Asteria akamuuliza.

Nani asiyemkumbuka? Ndeshi Urio, binti wa Moshi, mwanamke wa kwanza kupanda ulingo mmoja na mwanamume chini ya sheria ile ya mizani. Alifariki siku ya tatu hospitalini, na uzi wake mgongoni ukisoma vizuri kila kitu.

"Alikuwa bora kuliko wewe," Asteria akasema. "Nakuambia ukweli kwa sababu umekuja kuutafuta. Na yule kijana aliyempiga hakufanya kosa. Alimpiga ngumi halali. Kilo zilikuwa sawa. Labda mifupa haikuwa sawa, labda ni bahati mbaya ambayo ingempata hata mwanamume. Sijui, na sikupewa nafasi ya kujua, kwa sababu walitufungia wanawake mlango kabla jeneza halijafika Moshi. Unajua nilichukua miaka mingapi kuufungua tena? Nilipoufungua, nikasema mimi simziki mwingine."

"Hao wanaume hawakuridhia."

"Mimi nilivunjwa pua hii mbele ya viti vitupu. Nani aliniuliza kama nimeridhia?" Akalichukua chungwa, akalirudisha. "Wazoee kwanza kutuona. Wazoee kizazi kimoja. Halafu tutayaachia malango yote, na hakuna atakayejua."

Mwantumu alimtazama mwanamke huyu ambaye alimwita mama kwa miaka, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba alimwelewa. Angekuwa mwizi tu ingekuwa rahisi. Alimuuliza kuhusu Jumamosi, pambano la mkanda dhidi ya Ngoda, bingwa wa uzito wa unyoya. Asteria akasema Ngoda atabanwa kidogo sana. Atapiga kama bingwa, ila hataua.

"Na nikisema?"

"Ukisema, mlango unafungwa tena, na safari hii hawataufunga kwa huzuni, wataufunga kwa kicheko. Wale mabinti ulionunulia rangi watarudi kwenye kumbi tupu. Shija atauguza mkono mwezi mmoja, atapona. Pima mwenyewe."

Alisema "pima" kwa upole, akamsukumia sahani ya machungwa. Mwantumu aliinuka akaondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu aliyemzidi umri.

*

Alirudi zahanati kwa Shija. Alimkuta amekaa kitandani, mkono umefungwa mpaka umekuwa kama kata ya kubebea maji kichwani, macho mekundu kwa dawa. Akamwambia yote, bila kuzunguka. Alitegemea matusi. Aliyataka matusi, angejisikia nafuu.

Uso wa Shija ukafunguka. Alicheka. Alicheka hadi akaumiza mkono, akaguna, akaendelea kucheka.

"Kwa hiyo si wewe uliyenipiga," akasema. "Dada, usinielewe vibaya. Nilijua. Ndani kabisa nilijua. Nililala nikijiambia, Shija, haiwezekani, mwanamke huyu, haiwezekani. Kumbe nilikuwa na akili zangu." Akaanza kutafuta simu kwa mkono wa kushoto, amwambie mkewe, awaambie shemeji zake, aiambie Mwanza.

Mwantumu alimwomba asubiri hadi Jumamosi. Akasema atalisema yeye mwenyewe, na atalisema hadharani. Shija akakubali, kwa kuwa alikuwa mtu mzuri, na akamshukuru kwa mkono wake uliobaki. Wala hakuonekana kuikasirikia Ligi. Walimzima mwili kama taa, wakamwacha aunguze mkono, na yeye alikuwa na furaha kwa sababu aliyempiga hakuwa mwanamke. Mwantumu alisimama pale na karaha imemjaa mpaka kwenye meno. Alijua kwamba sentensi ile aliyoitamka Shija ndiyo itakayotamkwa kwenye kila kijiwe cha kahawa kuanzia Jumapili. Tulijua. Yale mapambano mawili yaliyokuwa safi hakuna atakayeyaulizia.

Kocha Hiza hakumsaidia kuamua. Alisema yeye alifundisha ngumi maisha yake yote, na hii haikuwa ngumi. Alisema pia kwamba mabinti wameanza kuuliza kwa nini mazoezi yamesimama, na kwamba mmoja wao, yule mwenye mkono mrefu wa kushoto, analia. Kisha akaenda kuisugua ile sufuria kwa mchanga, akaisugua mpaka jioni.

*

Ukumbi ulikuwa ghala la katani zamani, na siku za joto mbao zake bado hutoa harufu ya kamba. Jumamosi ile ulijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Ngoda alikuwa amewaambia waandishi kwamba atakwenda kumwomba radhi mama yake Mwantumu kabla ya pambano, kwa sababu baada ya pambano atakuwa anamwomba msamaha wa kitu kingine. Watu walicheka sana.

Kwenye chumba cha kuvalia, Mwaipopo alikuja na mkoba wake kwa ukaguzi. Hakumtazama usoni. Alimgusa kisogoni kwa kile kidude kama alivyomgusa kabla ya kila pambano, kikalia, akasema salama, akaenda kwa Ngoda. Mwantumu alimsindikiza kwa macho. Alimfikiria Ngoda, jinsi atakavyoinamisha kichwa kwa kiburi chake chote na asijue anapokea nini. Kocha alimzungushia bendeji mikononi, akaacha vidole wazi, tayari kwa glovu. Mbavu, zilizomnyima usingizi wiki nzima, zilikuwa zimetulia. Daktari alikuwa amemwambia mmoja umepasuka, na alishangaa jinsi alivyoweza kumaliza raundi sita akiwa hivyo. Damu ya pambano, Mwantumu alimjibu. Ulingoni mtu haumii.

Aliingia bila muziki. Nyuma yake Kocha Hiza alibeba ile sufuria, amezungushia vitambaa viwili, mvuke unatoka. Vicheko vikaanza kwenye ngazi, kwa kuwa watu wa Tanga waliijua ile sufuria ni ya nini, na saa yake haikuwa imefika. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba Chuma amekuja kupakua kabisa, ameona mbali. Mwantumu akamwomba mtangazaji kipaza sauti. Mtangazaji akadhani ni mbwembwe za pambano, akampa.

Hakuwa mzungumzaji. Alisema kwamba Shija Bulugu alipanda ulingo huu akiwa amebanwa uzi wake bila kujua, na ndiyo maana aliunguza mkono bila kusikia. Alisema kwamba wanaume aliowapiga, isipokuwa wa mwanzo, walibanwa hivyo hivyo. Alisema Ligi ndiyo iliyofanya, na kwamba yeye hakujua, na kwamba kutojua kwake hakumpunguzii chochote. Hakumtaja Asteria kwa jina. Asteria alikuwa safu ya mbele, mikono yake inayotetemeka imelala mapajani, wala hakuinua mmoja kumzuia.

Ukumbi ulinguruma. Chupa ya maji ilipita karibu na kichwa chake. Na ndani ya ile kelele aliisikia, kama alivyojua kwamba ataisikia, kutoka huku na kule, kwa furaha: tulijua, tulijua.

"Nani kasema nimebanwa?" Ngoda alikuwa amefika katikati ya ulingo, anatabasamu, anacheza mabega. "Mimi? Lete hiyo supu."

Kocha alimimina bakuli la bati, likajaa, akalishika kwa kitambaa. Kabla ya kumpa, aligusisha kidole chake kwenye ukingo ili watu waone, akakitoa haraka akakitia kinywani. Ngoda alilipokea kwa vidole vyake vitupu. Aliliinua juu akazunguka nalo pande zote nne, kama anaonyesha mkanda, na watu wakamshangilia. Sura yake ilikuwa kwenye kioo kikubwa cha kurushia picha juu ya ulingo. Vidole vyake pia. Vilikuwa vinageuka rangi.

Waliokaa karibu ndio walionyamaza kwanza. Ngoda alikuwa bado anazunguka, anacheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. Alitazama kioo. Alitazama mikono yake. Malengelenge yalikuwa yanainuka kwenye ncha za vidole, meupe, taratibu, na yeye aliyatazama yanavyoinuka, mdomo wazi, kama mtu anayetazama mdudu akitambaa juu ya kitu ambacho si chake. Hakuna aliyesema tulijua. Mtu mmoja kwenye ngazi akaanza kutapika.

"Nitolee," Ngoda akasema kwa sauti ndogo. "Nitolee hiki kitu."

Alilisukuma mbele kuelekea kwa Mwantumu, na supu ilianza kumwagika kwenye viganja vyake. Mwantumu hakufikiri. Huwezi kumwacha mwenzako ameshika bakuli la moto. Aliweka kipaza sauti chini ya kwapa, akanyoosha mikono akampokea, kwa vidole vyake vitupu, na supu iliyobaki ikamchuruzikia hadi kwenye bendeji.

Ilikuwa vuguvugu.

Jambo la kwanza lililomjia ni kumlaumu Kocha, kwamba alimwambia aichemshe vizuri. Kisha aliona mvuke unampanda usoni. Aliona Kocha bado ana kidole kinywani. Aliinua macho kwenye kioo kikubwa, na pale aliviona vidole vya mwanamke, vimeshika bakuli, vinageuka rangi.

Alisimama akilishikilia. Aliliona lile konde la Shija raundi ya nne, likija zima, likitua ubavuni na nguvu zake zote, na yeye akilisikia limekufa. Aliwaona wote, mmoja mmoja, na kila konde waliloliweka mwilini mwake, na watu wakiimba Chuma. Lango la kurudi. Hawakumwachia hata maumivu yake. Sasa hakujua nani alikuwa amechelewa na nani alikuwa ameumia, wala ni ngapi kati ya ngumi zake zilikuwa zake, wala kama ubavu ule ndio pekee uliovunjika.

Alimtafuta Asteria. Asteria alikuwa amefunika uso kwa viganja, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Mwaipopo alikuwa kwenye kona, mkoba kifuani, anaangalia njia ya kutokea. Ngoda alikuwa amemzibia. Mwantumu aliliweka bakuli sakafuni polepole, asimwage zaidi, akapiga magoti katikati ya ulingo na kuinamisha kichwa hadi kisogo kikawa wazi. Mtangazaji alikuja kwa adabu kuchukua kipaza sauti chake. Mwantumu alikitoa kwapani, akakisimamisha sakafuni karibu na mdomo wake, akakishikilia kwa vidole vyake vyenye malengelenge.

"Kiache hapa hapa," akamwambia. Kisha akasema, na ghala zima likasikia, "Fundi, njoo unifungue."